Jinsi ya Kujua Kama Vimeng'enya vya Mmeng'enyo Vinahusika na Uzito Wako na Ukinzani wa Insulini

Watu wengi wanaohangaika na uzito huambiwa kwamba miili yao imepungukiwa na vimeng'enya vya kusaga chakula, na kwamba vidonge vya vimeng'enya vitayeyusha mafuta ya tumboni na kuishusha sukari ya damu. Kwa upande wa mafuta, mwili hufanya kazi kinyume kabisa cha madai hayo. Lipasi, ambayo ndiyo kimeng'enya cha mafuta, haichomi mafuta yaliyokwisha kuhifadhiwa mwilini; inayakata mafuta ya chakula vipande vidogo ili yaweze kufyonzwa. Mtu ambaye lipasi yake imepungua kweli hukonda, na dawa inayopunguza uzito kwa kupitia njia hii hufanya hivyo kwa kuizuia lipasi, wala si kwa kuiongeza.

Kabla ya kununua kidonge chochote, basi, inafaa ujue uko upande gani: upande wa wanaoshindwa kufyonza mafuta, au upande wa wale ambao mafuta yanafyonzwa vizuri kabisa lakini yamezidi nafasi ya kuyahifadhi. Matibabu ya pande hizi mbili yanapingana, na ndiyo maana kukosea hapa kuna gharama.

Fuatilia kwanza safari ya mafuta

Mafuta mengi tunayokula ni trigliseraidi, yaani gliseroli moja iliyoshikana na asidi tatu za mafuta. Katika hali hiyo hayawezi kupenya ukuta wa utumbo. Kazi ya kuyakata huanzia tumboni, ambako lipasi ya tumbo humaliza kiasi cha asilimia 10 hadi 30 ya mmeng'enyo wa mafuta, huku misuli ya tumbo ikiyavuruga na kuyageuza matone madogo. Chakula kikishuka kwenye sehemu ya kwanza ya utumbo mdogo, asidi na mafuta yaliyomo huziamsha seli za ukutani zitoe homoni mbili, sekretini na kolesistokinini. Ya kwanza huliagiza kongosho litoe maji yenye baikaboneti, na ya pili hukibana kifuko cha nyongo na kulifanya kongosho limwage vimeng'enya.

Baikaboneti hiyo haitajwi mara nyingi, ilhali bila yake shughuli yote huharibika. Lipasi ya kongosho haivumilii asidi. Ikikutana na asidi kali inaharibika na haiwezi kurejea katika hali yake. Ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na vimeng'enya vya kutosha na bado akafyonza mafuta vibaya kwa kuwa utumbo wake haukuondolewa asidi ipasavyo.

Chumvi za nyongo huyagawanya matone ya mafuta yawe madogo zaidi, lakini zinapoyafunika huisukuma lipasi mbali na uso wa mafuta. Hapo huingia protini ndogo iitwayo kolipasi, nayo huishikilia lipasi mahali pake ili iendelee kukata. Lipasi huondoa asidi mbili za pembeni na kuacha ile ya katikati ikiwa imeshikana na gliseroli. Vipande hivyo husafirishwa ndani ya vifungu vidogo vya chumvi za nyongo, vinavyoitwa misela, hadi kwenye ukuta wa utumbo. Claude Bernard, mwanafiziolojia wa Ufaransa, aliuona umuhimu wa kongosho katikati ya karne ya 19 alipomchunguza sungura, mnyama ambaye mfereji wake wa kongosho hufungukia mbali chini ya ule wa nyongo: mishipa ya limfu ilionekana kuwa myeupe kwa mafuta kuanzia pale maji ya kongosho yalipoingia, wala si pale nyongo ilipoingia peke yake.

Ndani ya seli za utumbo vipande hivyo huunganishwa upya kuwa trigliseraidi, hufungwa katika vifurushi vinavyoitwa kilomikroni, na kupelekwa kwenye mfumo wa limfu, ambao huvimwaga katika mshipa mkubwa wa damu karibu na shingo, upande wa kushoto. Asidi za mafuta zenye mnyororo wa wastani hazipiti njia hiyo. Huenda moja kwa moja kwenye ini. Kilomikroni zinapozunguka, kimeng'enya kingine kilichoshikamana na kuta za mishipa midogo ya damu, lipoproteini lipasi, huzikata tena ili asidi za mafuta ziingie katika tishu. Hiki si kimeng'enya cha mmeng'enyo, lakini kwa habari ya unene kina uzito mkubwa kuliko vyote nilivyovitaja, kwa sababu ndicho kinachochangia kuamua mafuta yataishia wapi. Baada ya mlo insulini hukiongezea nguvu katika tishu ya mafuta, na mazoezi hukiongezea nguvu katika misuli.

Kumbuka kiasi cha akiba uliyo nayo

Mtu mwenye afya hufyonza takriban asilimia 95 ya mafuta anayokula. Akila gramu 100 za mafuta kwa siku, zinazotoka katika kinyesi huwa chini ya gramu 7. Tena kongosho lina akiba kubwa mno: kinyesi cha mafuta hujitokeza hasa pale utoaji wa lipasi unaposhuka chini ya asilimia 10 ya kiwango cha kawaida.

Hesabu hii inakata mzizi wa madai mengi. Ikiwa karibu mafuta yote yanafyonzwa tayari, kuongeza lipasi kwa mtu mwenye kongosho zima hakuna mahali pa kuongeza kitu. Na kwa kuwa karibu kila mtu mwenye afya hufyonza kiasi kilekile cha asilimia, tofauti ya uzito kati ya watu wawili haielezwi na nguvu ya lipasi zao. Kila gramu ya mafuta hubeba takriban kilokalori 9, na kinachobadilika kati ya mtu na mtu ni idadi ya gramu zinazoingia, jumla ya nishati ya mlo mzima, na kiasi ambacho mwili unatumia.

Hata hivyo, umbo la chakula huathiri kazi ya vimeng'enya. Lozi zikiliwa nzima, sehemu ya mafuta yake hubaki imefungiwa ndani ya kuta za seli ambazo lipasi haiwezi kuzifikia, na utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba nishati inayopatikana ni pungufu kwa takriban robo moja kuliko hesabu za kawaida za lishe. Zikisagwa laini, kizuizi hicho hupungua. Kwa maoni yangu jambo hili linastahili kufahamika na watu wengi zaidi kuliko majina ya virutubisho vyote vinavyouzwa kwa sifa ya kuzuia mafuta, kwa kuwa halihitaji dawa na halina madhara.

Elewa ukinzani wa insulini unavyoanza

Tishu ya mafuta chini ya ngozi ni ghala salama. Nishati inapozidi kwa muda mrefu, ghala hilo hujaa, seli zake huanza kuvuja asidi za mafuta katika damu, na mafuta huenda kujipanga mahali ambapo hayakutakiwa: ndani ya ini, ndani ya misuli, na kuzunguka viungo vya tumboni. Ndani ya seli za ini na misuli, mabaki ya mafuta kama diasilgliseroli huvuruga ujumbe wa insulini. Misuli hupokea glukosi kwa shida, ini huendelea kutengeneza glukosi hata wakati halikupaswa kufanya hivyo, na kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili kudumisha sukari ileile. Huo ndio ukinzani wa insulini, na unaweza kudumu miaka mingi sukari ya damu ikionekana ya kawaida.

Msomaji anaweza kudhani kwamba mafuta ya ini hutoka moja kwa moja kwenye mafuta ya chakula, na kwamba kuyazuia utumboni kungemaliza tatizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliyafuatilia mafuta hayo kwa wagonjwa wenye ini lenye mafuta, ukakuta kwamba takriban asilimia 59 yalitoka kwenye tishu ya mafuta ya mwili, asilimia 26 yalitengenezwa na ini lenyewe, hasa kutokana na wanga na sukari, na asilimia 15 tu ndiyo yaliyotoka moja kwa moja katika mlo. Kuzuia mafuta utumboni huku sukari ikibaki nyingi ni kuziba njia iliyo ndogo kuliko zote tatu.

Jichunguze: ni upungufu au ni wingi?

Dalili za upungufu wa vimeng'enya vya kongosho ni uzito unaoshuka bila kukusudia, tumbo kujaa gesi na kuuma baada ya kula, na kinyesi kingi, cheupe kuliko kawaida, chenye mng'aro wa mafuta, chenye harufu kali na kinachong'ang'ania chooni hata maji yakimwagwa. Kinyesi kuelea peke yake hakutoshi, kwa maana gesi nayo hukifanya kielee. Vitamini A, D, E na K hufyonzwa pamoja na mafuta, hivyo upungufu wa muda mrefu unaweza kujitokeza kwa kutoona vizuri gizani, mifupa dhaifu au michubuko inayotokea kirahisi. Jiulize pia kama una sababu inayojulikana: uvimbe sugu wa kongosho, ambao pombe ni chanzo chake kimojawapo kikubwa, upasuaji wa kongosho, au ugonjwa wa kurithi wa sistiki faibrosisi. Kuondolewa kifuko cha nyongo hakuingii katika orodha hii, kwa sababu ini huendelea kutoa nyongo na watu wengi humeng'enya mafuta vizuri bila kifuko hicho.

Dalili za upande wa pili ni tofauti kabisa. Kiuno hupanuka, ngozi ya shingoni au ya makwapani huwa nyeusi na laini kama mahameli, na vipimo huonyesha trigliseraidi zilizopanda. Pima kiuno kwa futi ya kamba ukiwa umesimama na umetoa pumzi kwa kawaida, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kipimo kilicho rahisi kukumbuka ni kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Shirika la Afya Duniani huhesabu unene uliopitiliza kuanzia uwiano wa uzito kwa urefu (BMI, yaani kilo zikigawanywa kwa mraba wa urefu katika mita) wa 30, lakini mtu mwenye uwiano wa chini ya hapo anaweza kuwa na ini lililojaa mafuta, na ndiyo maana kiuno kisiachwe.

Inawezekana pande zote mbili zikakutana kwa mtu mmoja, kwa mfano mtu mnene aliyepata uvimbe sugu wa kongosho. Katika hali hiyo usikisie. Vipimo ndivyo vitakavyosema.

Omba vipimo vinavyojibu swali lako

Kwa shaka ya upungufu wa vimeng'enya, kipimo cha kawaida ni cha elastasi, kimojawapo cha vimeng'enya vya kongosho, katika kinyesi. Kiwango cha chini ya mikrogramu 200 kwa kila gramu ya kinyesi huleta shaka, na cha chini ya 100 huonyesha upungufu mkubwa. Sampuli iwe ya kinyesi kilichoshikana, kwa kuwa kinyesi cha maji huzimua kimeng'enya na kuleta jibu la chini lisilo la kweli. Kama unatumia tayari vidonge vya vimeng'enya huna haja ya kuviacha, kwa maana vinatokana na nguruwe na kipimo hiki hutambua elastasi ya binadamu pekee.

Kwa ukinzani wa insulini, anza na sukari ya damu baada ya kufunga kwa saa 8 au zaidi, pamoja na HbA1c, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi, na trigliseraidi. Kwa vigezo vya Chama cha Kisukari cha Marekani, sukari ya kufunga kati ya 5.6 na 6.9 milimoli kwa lita, au HbA1c kati ya asilimia 5.7 na 6.4, ni hatua ya kabla ya kisukari, 7.0 na asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari. Shirika la Afya Duniani huanza kuhesabu tatizo la sukari ya kufunga katika 6.1, na kwa hiyo usishangae maabara mbili zikikupa maelezo tofauti kwa jibu lilelile. Trigliseraidi za kufunga zinazofikia 1.7 milimoli kwa lita huongeza uzito wa shaka. Baadhi ya madaktari hukokotoa pia HOMA-IR, ambayo ni insulini ya kufunga mara sukari ya kufunga, kisha kugawanya kwa 22.5. Ni hesabu nzuri ya kufuatilia mtu yuleyule katika maabara ileile, ila haina mpaka mmoja unaokubaliwa kila mahali, kwa hiyo isomwe pamoja na vipimo vingine.

Ikiwa ni upungufu

Daktari ataagiza vimeng'enya vya kongosho, na hapa vimeng'enya ni dawa ya kweli. Mtu mzima mara nyingi huanza na yuniti 40,000 hadi 50,000 za lipasi kwa kila mlo kamili na nusu yake kwa kitafunwa. Vimezwe pamoja na chakula, vingine mwanzoni na vingine katikati ya mlo, kwa sababu vikimezwa saa moja kabla vitapita bila kukutana na mafuta. Visitafunwe wala kusagwa, na visimezwe kwa kinywaji cha moto, kwa kuwa vimefunikwa kwa tabaka linalovikinga na asidi ya tumbo. Mafuta yasiondolewe kabisa katika mlo, kwani mgonjwa huyu amekwisha kupungukiwa na nishati. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi katika wiki za mwanzo: chakula kikianza kufyonzwa vizuri, mahitaji ya insulini yanaweza kupanda.

Ikiwa ni unene na ukinzani wa insulini

Hapa vidonge vya lipasi havina kazi, na fedha inayotumika kuvinunua ningependa itumike katika vipimo. Kinachoondoa mafuta ndani ya ini na misuli ni kupunguza jumla ya nishati inayoingia na kuitumia misuli. Katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2002, watu walio katika hatua ya kabla ya kisukari waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, ilhali dawa ya metformini iliipunguza kwa asilimia 31. Nchini Uingereza, utafiti wa DiRECT ulionyesha kwamba asilimia 46 ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili waliopewa mpango mkali wa kupunguza uzito walikuwa wamerejea katika sukari isiyo ya kisukari bila dawa baada ya mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 4 ya waliopata huduma ya kawaida.

Kwa utendaji, punguza kwanza sukari ya vinywaji na wanga uliokobolewa, kwa kuwa ndivyo vinavyolipa ini malighafi ya kutengeneza mafuta, kisha angalia mafuta ya kukaangia, ambayo huongeza kalori nyingi katika ujazo mdogo. Chagua vyakula vyenye nyuzinyuzi na vilivyobaki katika umbo lake. Tembea baada ya kula, hata kwa dakika chache, kwa sababu misuli inayojikunja huchukua glukosi bila kungoja insulini. Anayetumia insulini au dawa zinazoichochea azungumze na daktari kabla ya kukata chakula kwa kiasi kikubwa, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Dawa inayozuia lipasi inaitwa orlistati. Hushikamana na lipasi ya tumbo na ya kongosho, na kwa dozi ya miligramu 120 mara tatu kwa siku hupunguza ufyonzaji wa mafuta kwa takriban asilimia 30. Katika utafiti wa XENDOS uliodumu miaka minne, watu waliotumia orlistati pamoja na kubadili mtindo wa maisha walipunguza wastani wa kilo 5.8, na wale waliobadili mtindo wa maisha pekee walipunguza kilo 3.0, hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili ilipungua kwa asilimia 37. Ni faida ya kweli lakini ya kiasi, na inatokana na uzito uliopungua.

Ukiandikiwa dawa hiyo, imeze wakati wa mlo au ndani ya saa moja baadaye, na iache kama mlo hauna mafuta. Mafuta yasizidi asilimia 30 ya kalori za mlo, vinginevyo yasiyofyonzwa yatatoka kama mafuta ya kudondoka na haja ya ghafla isiyozuilika. Meza vitamini zenye A, D, E na K angalau saa 2 kabla au baada yake, au usiku unapolala. Dawa ya tezi ya levothairoksini itenganishwe nayo kwa saa 4, na anayetumia warfarini au siklosporini amweleze daktari kabla ya kuanza. Wajawazito na wenye tatizo la kufyonza chakula hawapaswi kuitumia.

Iko pia akarbosi, inayozuia vimeng'enya vya wanga katika ukuta wa utumbo. Hupunguza mpando wa sukari baada ya mlo, huleta gesi nyingi, na haishushi uzito kwa kiasi cha maana.

Rudia HbA1c baada ya miezi mitatu, si kabla, kwa kuwa hupima sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu katika kipindi hicho. Pima kiuno kila mwezi katika sehemu ileile. Na ikiwa wewe ni mtu wa makamo au mzee, umegundulika na kisukari karibuni huku uzito ukishuka bila kukusudia, au macho yamekuwa ya manjano, au maumivu ya tumbo yanapenya hadi mgongoni, usisubiri miezi hiyo mitatu: mwone daktari mapema kadiri uwezavyo na uombe kongosho lichunguzwe kwa picha.